Mkoba wa tangi la pikipiki: Kinachoamua ni namna unavyofungwa

MKOBA wa tangi, au begi la tangi kama wengi wanavyouita, ni ule unaokaa juu ya tangi la mafuta la pikipiki, nyuma ya usukani na mbele ya tumbo la mwendeshaji. Wanunuzi wengi huuchagua kwa kutazama ukubwa wake, idadi ya mifuko yake na uzuri wa zipu zake. Hata hivyo, linaloamua kama mkoba huo utamfaa mtu au utamletea balaa liko chini yake, mahali unaposhikamana na pikipiki. Hilo ndilo hukumbukwa mwisho, pengine fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Balaa lenyewe si la kubuni. Mkoba uliofungwa kwa kulegea husogea mbele pale breki inaposhikwa kwa nguvu, ukajipenyeza kati ya tangi na usukani, na usukani ukagoma kugeuka mpaka mwisho. Mkoba ulio mpana kupita kiasi hubonyeza honi bila kukusudiwa. Hiyo ni kero tu, lakini ukibonyeza swichi ya kuzima injini wakati pikipiki ikilipita lori katika Barabara ya Morogoro, mambo huwa mengine. Nao mkanda uliopitishwa pasipostahili unaweza kuvuta waya wa mafuta, injini ikapandisha mwendo yenyewe wakati mwendeshaji anakata kona.

Kwa sababu hiyo, anayetaka mkoba wa tangi hana budi kuanza na pikipiki yake mwenyewe, kisha njia ya kufungia, na mwisho kabisa mkoba.

Kwa nini juu ya tangi

Mzigo wa pikipiki una mahali pa kukaa panne: mgongoni mwa mwendeshaji, kwenye keria ya nyuma, ubavuni au juu ya tangi. Begi la mgongoni huchosha mabega baada ya saa moja au mbili, na mtu akianguka kwa mgongo, vitu vigumu vilivyomo ndani yake humgeukia. Keria hubeba mzigo mkubwa, lakini sehemu kubwa ya mzigo huo hukaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na kila kilo inayoongezwa hapo hupunguza uzito ulioko juu ya gurudumu la mbele. Waliopata kufunga gunia zito nyuma kisha wakapanda mlima wanajua jinsi usukani unavyokuwa mwepesi mkononi.

Juu ya tangi ni karibu na kitovu cha uzito wa pikipiki. Kilo tatu au nne zikiwekwa hapo hazibadilishi sana tabia ya chombo kwenye kona. Aidha, mwendeshaji huuona mzigo wake muda wote, jambo ambalo si dogo katika foleni za mijini, ambako begi lililofungwa nyuma kwa kamba za mpira linaweza kufunguliwa na mtu anayepita kwa miguu. Mkoba wa tangi humrahisishia pia kufika: pesa za mafuta, leseni, koti la mvua na simu hupatikana bila kushuka.

Mikoba hii ilipata umaarufu katika safari ndefu za Ulaya, na ndiyo maana mingi ina mfuko wa plastiki angavu juu yake, uliokusudiwa kuwekewa ramani ya karatasi. Siku hizi mfuko huo huwekwa simu. Hapa kwetu watumiaji wake wa kawaida ni wale ambao kazi yao ni safari: ofisa ugani, mhudumu wa afya anayezunguka vijijini, mpeleka vifurushi, mpiga picha wa habari, na kundi linaloongezeka la wapenzi wa safari za pikipiki za mwishoni mwa wiki. Dereva wa bodaboda anaweza kuutumia kwa nyaraka na koti la mvua, mradi uwe mdogo. Wapo wanaodai kwamba mkoba huo utawanyima nafasi ya kumpakia mtoto mbele. Iwapo hasara yake ni hiyo tu, basi ni faida, maana tangi halikutengenezwa kuwa kiti cha mtu yeyote, sembuse mtoto.

Tangi ni la nini?

Swali la kwanza ni jepesi na jibu lake halihitaji fundi. Chukua sumaku ndogo, hata ile inayobandikwa kwenye mlango wa jokofu, iguse kwenye tangi: juu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na karibu na kiti. Ikishika kwa nguvu kila mahali, tangi ni la chuma na njia zote za kufungia ziko wazi. Ikishika juu na kuanguka ubavuni, tangi ni la chuma lakini limevalishwa vipande vya plastiki. Pikipiki nyingi za kisasa ziko hivyo, kwa kuwa plastiki humpa mchoraji uhuru wa kulipa tangi umbo la misuli. Ikianguka kila mahali, tangi ni la plastiki au la alumini, na mkoba wa sumaku hauna kazi hapo.

Pikipiki za kazi zilizozoeleka nchini kwa sehemu kubwa zina matangi ya chuma. Yamaha AG100 na Honda XL125, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa usafiri wa maofisa ugani, wamisionari na miradi ya maendeleo, ni za chuma; hali ni hiyo hiyo kwa Bajaj Boxer na TVS zinazojaa vijiweni. Pikipiki za matope na za mashindano mara nyingi huwa na tangi la plastiki kwa sababu ya wepesi na kwa kuwa halibonyei likipigwa na jiwe. Alumini hutumika zaidi katika pikipiki za mwendo kasi. Yamaha YZF-R6 iliyotolewa mwaka 2017, kwa mfano, ilipewa tangi la alumini ili kupunguza uzito.

Yapo pia matangi ambayo si matangi. Katika BMW F 650 GS ya mwaka 2000 na F 800 GS iliyoifuata mwaka 2008, mafuta hukaa chini ya kiti, na mfuniko wake uko nyuma upande wa kulia. Kile kinachoonekana kama tangi mbele ni ganda tu. Honda NC700X ya mwaka 2012 ilikwenda mbali zaidi: mahali pa tangi kuna sanduku la kuhifadhia linaloingia kofia ngumu, na mafuta hujazwa chini ya kiti cha abiria. Anayemiliki pikipiki ya aina hiyo hufurahia jambo moja, kwamba hahitaji kuuondoa mkoba kila anapofika sheli, lakini hana pete ya mfuniko ya kufungia chochote.

Mbali na malighafi, umbo nalo huhesabiwa. Tangi jembamba lenye mteremko mkali kuelekea kiti, kama la pikipiki za njia mbovu, halimpi mkoba mpana mahali pa kulala. Mkoba wa aina hiyo huning'inia pembeni na kugusa magoti.

Mikanda: njia kongwe inayokubali karibu kila pikipiki

Njia ya mikanda ndiyo ya zamani zaidi na ndiyo inayosamehe mengi. Haijali chuma wala plastiki, haijali mfuniko una skrubu ngapi, na ikikatika, fundi wa viatu anaweza kuishona. Mkoba huwa na mkanda mmoja mbele na miwili nyuma, au kitako maalumu kinachobaki juu ya tangi muda wote, huku mkoba wenyewe ukifungwa na kufunguliwa juu yake kwa zipu au klipu.

Mkanda wa mbele ndio wenye hatari. Unapaswa kuzungushwa kwenye shingo ya fremu, yaani lile bomba nene lisilosogea ambalo ndani yake usukani huzungukia. Haupaswi kufungwa kwenye usukani wenyewe wala kwenye shokapu za mbele, kwa kuwa vyote hivyo hugeuka. Mkanda uliofungwa kwenye kitu kinachogeuka utakaza upande mmoja na kulegea upande wa pili, na siku moja utazuia kona ambayo mwendeshaji alikuwa ameanza kuikata. Kosa hili hufanywa kwa sababu usukani uko karibu na mkono, na shingo ya fremu imefichwa na nyaya.

Nyaya hizo ndizo jambo la pili la kuangalia. Mbele ya tangi hupita waya wa klachi, waya wa mafuta, nyaya za umeme za taa na swichi na, kwa pikipiki zenye breki ya diski, bomba la maji ya breki. Mkanda upite chini ya vyote hivyo, ukigusa fremu tu, wala usifunge chochote pamoja nayo. Ukikazwa juu ya waya wa mafuta, waya huo hupinda na kushindwa kurudi upesi mkono unapoachia.

Mikanda ya nyuma hufungwa kwenye fremu chini ya pua ya kiti, kulia na kushoto. Yafaa iwe na klipu za kufungua haraka, ili kwenye sheli mwendeshaji azifungue mbili hizo na kuukunja mkoba kuelekea mbele bila kuugusa mkanda wa shingo. Ncha za mikanda zinazobaki zikining'inia zikunjwe na kubanwa. Utepe mrefu unaopeperuka karibu na mnyororo au bomba la moshi ni wa kukatwa, na ncha yake iunguzwe kidogo kwa kiberiti isifumuke.

Lipo jambo dogo kuhusu nyuzi zake. Mikanda ya nailoni hunywa maji na kurefuka inapolowa, wakati ile ya poliesta hubadilika kidogo sana. Mkoba uliokazwa asubuhi kukiwa kukavu unaweza kucheza baada ya mvua kubwa, kwa hiyo mwenye mikanda ya nailoni hana budi kusimama na kukaza tena. Hata mkoba mpya wa mikanda mizuri hutulia baada ya kilomita 10 au 20 za kwanza, na hukazwa upya hapo.

Sumaku: wepesi wenye masharti

Mkoba wa sumaku ndio unaopendwa zaidi na wakazi wa mijini, na sababu yake ni dhahiri. Unauweka, unashika, unaunyanyua, unaondoka nao kuingia ofisini. Hakuna cha kufunga wala kufungua. Sumaku zake hushonwa ndani ya mabawa yanayolala kwenye mbavu za tangi, na katika mikoba mizuri mabawa hayo huwa na bawaba ili yafuate umbo la tangi.

Sharti la kwanza ni kwamba sumaku ilale bapa. Nguvu ya sumaku hushuka upesi mno pakiwa na nafasi hata ndogo kati yake na chuma. Bawa linaloning'inia juu ya mkunjo wa tangi, au linalokalia kipande cha plastiki, halifanyi kazi yoyote, na mwenye mkoba mwenye sumaku nne huenda anashikiliwa na mbili. Kava la tangi la ngozi bandia, ambalo waendesha bodaboda wengi hulipenda, nalo huongeza nafasi hiyo.

Sharti la pili ni mwendo na upepo. Mkoba mdogo mjini hautikisiki. Katika barabara kuu yenye mabasi yanayopishana kwa kasi, mkoba mrefu huwa kama tanga. Upepo huinua ukingo wa bawa la mbele, na sumaku ikishaanza kuachia, huachia yote. Mikoba mingi ya sumaku huja na mkanda mwembamba wa usalama wa kuzungusha kwenye shingo ya fremu. Wenyewe wengi huuacha nyumbani kwenye boksi. Ni afadhali kuufunga, kwa kuwa mkoba ukiruka ukining'inia kwenye mkanda, mwendeshaji hupata muda wa kusimama, ilhali mkoba usio na mkanda unaweza kwenda chini ya gurudumu la nyuma la pikipiki hiyo hiyo au mbele ya gari linalofuata.

Sharti la tatu ni vumbi. Sumaku haichagui inachokishika: chembe za chuma zilizopo barabarani na katika karakana hujikusanya chini yake, na kila mtikisiko huzisugua kwenye rangi. Mkoba wa sumaku usiwekwe chini, hasa mbele ya gereji. Kabla ya kuurudisha kwenye tangi, kitako chake kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Viko pia vitu visivyopatana na sumaku. Kadi za benki zenye utepe mweusi wa sumaku zinaweza kufutika zikilala karibu nayo, na dira ya simu hupotosha mwelekeo. Jambo zito zaidi ni la watu waliowekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Sumaku kali inaweza kubadilisha namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, na ushauri wa kawaida ni kuiweka umbali usiopungua sentimita 15 kutoka kifuani. Mwendeshaji aliyeinama juu ya tangi, au anayeukumbatia mkoba wake akitembea, huvuka mpaka huo bila kujua. Mtu wa namna hiyo achague njia nyingine kabisa.

Pete ya mfuniko

Njia ya tatu ilienea baadaye na imependwa na wasafiri wa masafa. Pete ya chuma au plastiki ngumu hufungwa kwa skrubu kuzunguka mfuniko wa tangi, na chini ya mkoba hufungwa bamba linaloingiliana nayo. Mkoba husukumwa chini, hulia "ta", na umeshika. Kuutoa ni kuvuta utepe mmoja. Kampuni za Kijerumani za SW-Motech na Hepco & Becker, pamoja na Givi ya Italia, zina mifumo ya aina hii. Kwa kawaida pete ya kampuni moja haikubali mkoba wa kampuni nyingine.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mkoba huelea juu ya tangi au huligusa kidogo tu, kwa hiyo rangi hubaki salama na malighafi ya tangi haina maana yoyote. Ubaya wake ni kwamba hutegemea skrubu za mfuniko. Pete hutengenezwa kwa idadi na mpangilio wa skrubu hizo, na hutofautiana kwa aina ya pikipiki. Pikipiki za kazi zenye mfuniko wa kuzungusha, usiozungukwa na skrubu zozote, haziwezi kuwekewa pete hii, na muuzaji anayedai kwamba "inaingia kila pikipiki" aombwe aifunge hapo hapo dukani.

Kazi ya kuifunga ni ya nusu saa, ila inataka utulivu. Katika mifuniko mingi, baadhi ya skrubu zinazoonekana ni za urembo na hazishiki kitu, hivyo ni lazima kutambua zile za kweli kabla ya kuagiza. Kitambaa safi kiwekwe kuziba mdomo wa tangi wakati mfuniko uko wazi, kwa kuwa skrubu ikidondoka ndani, kuitoa huweza kumaanisha kulishusha tangi zima. Skrubu mpya zikazwe kwa mkono tu, kidogo kidogo na kwa zamu, kwa sababu nyuzi zinazozipokea ni laini na zikiliwa, mfuniko hautaziba tena sawasawa. Baada ya hapo mfuniko ufunguliwe na kufungwa mara kadhaa kuhakikisha kwamba pete haiuzuii.

Katika baadhi ya mikoba, ni mnunuzi mwenyewe anayetoboa kitako ili kufunga bamba la juu. Kabla ya kushika keekee, akae juu ya pikipiki, mkoba uwe umejaa, ageuze usukani pande zote mbili na kuweka alama pale mkoba usipogusa kitu. Tundu likishatobolewa mahali pabaya haliondoki.

Pete nayo haibebi kila kitu. Uzito wote hukalia sehemu moja ndogo, na kwenye barabara ya mawe mkoba mzito huitingisha pete hiyo kama mti unavyotingisha mzizi wake. Kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye maelekezo kiheshimiwe hata kama mkoba una nafasi ya kubeba mara mbili yake.

Vikombe vya mpira na kava la kushonewa

Mikoba inayoshika kwa vikombe vya mpira vya kunyonya ilibuniwa kwa ajili ya matangi ya plastiki na alumini. Hutaka tangi laini, safi na lisilo na mkunjo. Katika nchi ya vumbi na jua, ambako mpira hukauka na kupasuka, ni njia ya mwisho kuchaguliwa, na haifai bila mkanda wa usalama.

Kava la kushonewa lina hadithi ndefu zaidi. Kampuni ya Kifaransa ya Bagster ilijipatia jina kwa kutengeneza kava la ngozi bandia lililokatwa kwa kipimo cha kila aina ya pikipiki, lenye klipu zake za kupokea mkoba. Kava hulinda rangi, hushika bila sumaku wala skrubu, na mkoba huondolewa likabaki. Kwa pikipiki zinazouzwa hapa kava kama hilo si rahisi kupatikana dukani, lakini utaalamu wake upo mitaani. Mafundi wanaoshona makava ya viti wanaweza kulikata kwa kipimo cha tangi, wakaacha tundu la mfuniko, na kushona mikanda minne yenye klipu kwenye kona. Mteja asisitize mambo mawili: mikanda ishonewe juu ya kiraka cha pili ili isichane kava, na kava lenyewe lifungwe kwenye fremu kwa mikanda yake, lisitegemee mpira wa lastiki peke yake.

Jaribio la usukani

Njia yoyote itakayochaguliwa, mkoba ujazwe vitu vya uzito halisi kisha ujaribiwe kabla ya kuingia barabarani. Pikipiki isimamishwe, usukani ugeuzwe taratibu mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia. Mkoba usiguse mishikio, swichi ya honi, ya taa wala ya kuzima injini, na mkono uweze kukunja klachi na breki kikamilifu pande zote mbili.

Hatua ya pili hufanywa injini ikiwaka, gia ikiwa huru, na mkono ukiwa umeachia mafuta. Usukani ugeuzwe tena mwisho hadi mwisho huku mtu akisikiliza. Mlio ukipanda upande wowote, kuna waya unaovutwa na mkoba au mkanda wake, na safari isianze. Kisha mafuta yavutwe kidogo na kuachiwa ghafla. Mlio ushuke papo hapo.

Hatua ya tatu ni ya macho. Akiwa ameketi kama kawaida, mwendeshaji aone spidomita, geji ya mafuta na taa zote za tahadhari, na ufunguo ufikiwe bila kuusogeza mkoba. Kwa anayepita njia mbovu, asimame pia juu ya vikanyagio. Mkoba unaomgonga kifuani anapoinama umezidi urefu.

Yapo mengine mawili yasiyoonekana haraka. Matangi mengi hupumua kupitia kitundu kilichomo kwenye mfuniko. Mkoba wenye kitako laini ukikibana barabara, hewa haiingii, mafuta hayashuki vizuri na injini hukohoa na kuzimika baada ya muda, kisha ikawaka tena mfuniko ukifunguliwa. Fundi anaweza kubadilisha plagi na kusafisha kabureta bila kugundua kwamba mkosaji ni begi. La pili ni maji: mvua hujikusanya chini ya mkoba na kuuzunguka mfuniko, hivyo eneo hilo lifutwe kabla ya kufungua tangi.

Ukubwa na kinachowekwa ndani

Mikoba midogo ya lita tatu hadi sita hutosha simu, nyaraka, miwani na koti jepesi la mvua. Ya lita 10 hadi 15 ni ya siku nzima. Inayozidi lita 20 ni ya safari, na kwa pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 100 hadi 150 ni mikubwa mno. Kwa mjini, ule mdogo ndio bora. Nafasi ikiwepo hujazwa, hata kwa visivyohitajika.

Kuhusu kinachowekwa ndani, sheria ni moja na inahusu mwili. Pikipiki ikigonga kitu mbele, chombo husimama na mwendeshaji huendelea. Nyonga na tumbo lake hukutana na tangi na chochote kilicho juu yake. Majeraha ya nyonga yatokanayo na tangi yanafahamika kwa madaktari wa mifupa. Kwa hiyo spana, kufuli zito, mnyororo, chupa ya kioo na kamera kubwa visikae hapo. Vitu vigumu viende kwenye keria au ubavuni, na juu ya tangi zibaki nguo, karatasi na vitu laini. Mpiga picha asiyeweza kutengana na kamera yake aizungushie sweta na kuiweka chini kabisa.

Simu inayochajiwa ndani ya mkoba inahitaji waya kutoka betri wenye fyuzi yake, uliopitishwa mbali na mdomo wa tangi na usiosuguana na usukani. Mkoba mweusi juani huwa tanuri, na simu au betri ya akiba iliyofungiwa humo saa sita mchana, huku ikichajiwa, hupata joto la kuiharibu.

Mvua, vumbi na rangi

Mikoba mingi ya kitambaa haizuii maji, hata pale lebo inaposema vinginevyo. Maji hupita kwenye mishono na zipu. Inayozuia kweli ni ile ya malighafi ya turubai la plastiki iliyounganishwa kwa moto badala ya uzi, yenye mdomo wa kukunja. Ile ya kawaida huja na kifuniko cha mvua, ambacho kwenye upepo mkali hugeuka puto. Wakati wa masika njia ya uhakika ni mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, kwa nyaraka hasa. Kwa wakazi wa Pwani, kutoka Mtwara hadi Mombasa, zipu za plastiki nene hudumu kuliko za chuma ambazo chumvi ya hewani huzishika kutu.

Rangi ya tangi huharibiwa na vumbi lililo katikati, mkoba wenyewe hauna kosa. Punje za mchanga zikibanwa hapo hufanya kazi ya msasa. Tangi na kitako vifutwe kila asubuhi, na panapoguswa pabandikwe karatasi ya plastiki angavu ya kunata. Kwenye tangi la plastiki karatasi hiyo hufanya malengelenge, kwa kuwa mvuke wa petroli hupenya taratibu kwenye plastiki ukakwama chini yake. Wengine hukata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukitandika. Kinazuia kuteleza, ila mpira mweusi ukikaa juani juu ya rangi nyeupe au ya fedha huacha doa lisilotoka.

Dukani

Anayekwenda Kariakoo au kwingineko kununua aende na pikipiki yake, au angalau na picha ya mfuniko wa tangi ikionyesha skrubu zote, na kipimo cha nafasi kati ya mfuniko na shingo ya fremu. Aulize kama mikanda na klipu za akiba zinauzwa peke yake. Avute mkanda kwa nguvu pale uliposhonewa kwenye kitako: mshono mmoja wa mstari haufai, unaofaa ni ule wa mraba wenye alama ya mkato katikati.

Kwa mkoba wa mtumba, kitako kipinduliwe kwanza. Sumaku zipimwe moja moja kwa kugusishwa na kipande cha chuma, kwa kuwa iliyopasuka ndani ya kitambaa haionekani. Klipu zifungwe na kufunguliwa mara kumi, na zile zilizopauka kwa jua zihesabiwe kuwa zimekwisha. Ukiwa ni wa pete, bamba la chini liwe lipo na jina la kampuni lisomeke, kwa maana bila jina hilo mnunuzi hatajua aagize pete ipi.